Maji Yasiyorudi

Sisi watu wa visiwani maji tunayajua kwa uso mmoja, nao ni uso wa bahari. Maji yetu hupwa na kujaa, huondoka na kurudi, na kwa hiyo tumejengeka tabia ya kuamini kwamba kilichochukuliwa na maji leo huenda kesho kikaletwa ufukweni. Ushairi wetu nao umelelewa humo: dau, tanga, nanga, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Unguja tunayo mito, lakini Mwera na Zingwezingwe ni mito ya upole, haijapata kumtisha mtu mzima. Maji yanayoshuka kwa hasira, yakaenda zake yasigeuke nyuma, hayo tunayasikia kwa wenzetu wa bara.

Nilikwenda kuyaona Usambara, katika sikukuu ya Pasaka, pamoja na chama chetu kidogo cha wapenda ushairi na matembezi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengi wa Unguja, wachache wa Tanga, na kijana mmoja wa Mombasa aliyewahi kupiga kasia katika Mto Tana kule Sagana, mahali ambapo Wakenya huteremka kwenye maji ya kasi kwa kujifurahisha. Alikuja na kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja wenye kasia la mabamba mawili, akaifunga juu ya basi katikati ya magunia na vikapu. Pasaka huangukia masika, na masika ndiyo iliyomleta. Alisema mto bila mvua ni barabara bila gari.

Kutoka Mombo, kwenye uwanda wa joto, barabara hupanda kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, mji ulio kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,400, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Njia imechongwa kwenye ubavu wa jabali, na mto uko chini yake kwa muda mrefu. Katikati ya safari iko Soni. Basi husimama hapo, na akina mama na watoto hulizunguka na vikapu vya pea, plamsi na karoti. Hapo ndipo maporomoko yalipo. Tulishuka kuyatazama. Ngurumo ilitufikia kabla ya maji yenyewe, nayo maji, tulipoyaona, hayakuwa meupe kama tulivyoahidiwa na picha. Yalikuwa mekundu, mazito, kama uji wa mtama uliochemka ukafurika.

Kijana wetu alikuwa amekwisha kuchagua mahali: chini ya maporomoko, pale mto unapopata nafasi baina ya mawe. Tulipokuwa tukiishusha kayaki, alitujia mzee mmoja aliyekuwa akikata mabingobingo kwenye kingo za shamba lake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, wanangu," akauliza chombo kile ni cha kazi gani. Akaelezwa. Alikitazama kwa muda, akakipapasa ubavuni kama mtu apapasaye mnyama mgeni, kisha akasema kwa sauti isiyo na ukali:

"Mnayaita haya maji. Mimi nayaita shamba. Hili linalopita hapa ni shamba la jirani yangu wa juu, na jana lilipita langu. Mtachezea juu yake?"

Kijana akasema, kwa adabu, kwamba mtumbwi haumpunguzii mtu udongo. Mzee akakubali. "Haupunguzi, mwanangu. Lakini mtu akipitishiwa jeneza mlangoni, hata asiye ndugu husimama."

Hakukataza, wala hakuwa na amri ya kukataza. Alirudi kwenye mabingobingo yake, akatuacha na maneno hayo. Kijana alikaa juu ya jiwe kitambo, kisha akaifunga tena kayaki. Alikuwa na uchungu, na wenzetu wawili walimtetea: amesafiri siku nzima, sikukuu ni mara moja, na mto hauna mwenyewe. Walisema kweli katika mawili ya mwanzo. La tatu ndilo lililotuchukua muda uliobaki wa safari.

Maana Usambara mto una wenyewe, na habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili chetu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi na Wakilindi na kuzijua baraza zao, alizikusanya katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa Nairobi mwaka 1962. Humo yumo Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, na humo imo Vugha, makao ya Kimweri, ambaye neno lake lilifika hata kwa madiwani wa mrima kabla ya kufa kwake mwaka 1862. Wasambaa walimpima mfalme kwa mvua. Nguvu zikigongana, nchi huharibika, nao husema kubana shi. Nguvu zikitulia mikononi mwa mmoja, mvua hunyesha kwa wakati, nchi hupona, nao husema kuzifya shi. Maneno mawili tu, na yametosha kuwa falsafa nzima ya utawala.

Serikali ya Kiingereza nayo ilitaka kuiponya nchi hiyo. Kuanzia mwaka 1946, kwa mradi wa Mlalo, watu walilazimishwa kupiga matuta kwenye mashamba ya miteremko, na aliyekaidi alishtakiwa. Wakulima wakapinga, hadi amri zile zikaanguka katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Udongo ulihitaji matuta. Hilo halina shaka. Lakini jembe lililoshikwa kwa hofu ya faini lilionekana kuwa jembe la bwana, na dawa ikawekwa kapu moja na dhuluma.

Jumapili tulipanda msitu wa Magamba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ile ile iliyonyesha juu ya mashamba. Chini ya miti mikubwa, iliyovikwa ndevu za kuvu na mangurukia ya ukungu, tulikuta kijito. Kijana wa Mombasa alikuwa wa kwanza kuchutama. Akayachota maji kwa viganja viwili, na mistari ya viganja vyake ikaonekana chini yake kama maandishi chini ya kioo. Hakusema kitu. Mvua ni moja, mlima ni mmoja. Msituni maji yalikuwa angavu, na Soni yalikuwa damu. Hapakuwa na haja ya hotuba.

Siku ya kuteremka tuliyakuta tena Mombo, yametulia, yakipita karibu na mashamba ya mpunga kuelekea Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani. Hapo mimi mtu wa bahari nikaanza kuona kwangu. Wenyeji wa mji wa Pangani wanajua jinsi maji ya chumvi yanavyopanda mtoni maji matamu yanapopungua, yakaunguza minazi. Mto Umba nao huzaliwa katika milima hiyo hiyo, ukavuka mpaka na kumwagikia baharini Vanga. Sigi hutoka upande wa Amani, na Tanga nzima huunywa. Tumezoea kusema bara na pwani kana kwamba ni nchi mbili zenye ukuta katikati. Ukuta huo maji hayajauona.

Mvuvi akiiona bahari imegeuka rangi mbele ya mlango wa mto, husema masika yameingia. Asema kweli, ila sasa nasikia na jingine ndani ya kauli hiyo: kwamba shamba la mtu asiyemjua limemfikia, na mwenyewe amebaki juu na jembe mkononi. Bahari hurudisha mengi, hurudisha mbao na hata maiti, lakini haijapata kuurudisha udongo mlimani. Kazi hiyo imeachiwa watu, na mzee wa Soni ameianza kwa kukata mabingobingo na kuyapanda upya kwenye kingo, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wake na kwa hiari yake.