Njia tatu za kuupita mwanga, na ile moja iliyobaki

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo tuongee gemu.

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado huchukua zaidi ya miaka 4 kufika kwetu kutoka nyota iliyo jirani zaidi na Jua. Kwa hivyo gemu yoyote ya kutawala anga lazima iseme meli zinaupitaje mwanga. Stellaris ya Paradox, kampuni ya Uswidi, ilipotoka Mei 2016 ilikuachia uchague: wapu, yaani kuruka polepole hadi nyota yoyote iliyo karibu, matundu ya anga, ambayo lazima uyajengee kituo, au haipaleni, barabara za kasi zinazounganisha nyota fulani tu.

Mimi nilikuwa mtu wa wapu. Tarehe 22 Februari 2018 likaja toleo la 2.0, na kila himaya ikaanza na haipaleni pekee. Nilikasirika, jamani! Nikarudi toleo la zamani, maana Steam iliruhusu.

Nilipolijaribu jipya baadaye, nikaelewa. Enzi za wapu, ngome unajenga na adui anaipita pembeni. Sasa nyota iliyo kwenye njia panda ina thamani: weka ngome yenye kizuizi hapo, na adui hasongi mbele mpaka aiteke. Ramani ikapata milima na mabonde.

Basi nami nikaiga. Programu yangu ya stoo ya duka la vipuri ilikuwa na njia tatu za kuingiza bidhaa, na kila hitilafu nilirekebisha mara tatu. Ijumaa moja usiku nikafuta mbili. Kodi ikawa safi kabisa. Jumatatu nikamkuta mzee wa stoo anaandika kwa daftari.

"Kijana wangu," akasema, "uling'oa mlango wangu."

Sikuwa na jibu. Paradox walitangaza mabadiliko yao Novemba 2017, miezi kadhaa kabla, wakaeleza sababu, na toleo la zamani likabaki kwa anayelitaka. Mimi sikumwambia mzee hata neno.

Bado naamini njia moja inatosha. Lakini Jumamosi hii nitaketi naye stoo, anionyeshe alivyokuwa akifanya kazi, kabla sijagusa kodi tena.

Na wewe, ulikuwa mtu wa njia gani?