Damu kwenye mswaki

Nyakatuntu, Kyerwa

Mwanangu mpendwa,

Habari kwamba umepimwa ukakutwa na sukari imenikuta uani naanua kahawa. Nimeiacha mkekani nikuandikie jambo ambalo mimi shangazi yako sikuambiwa mapema.

Nilipoanza dawa za sukari, kila nikipiga mswaki natema damu. Nikasema ni ugumu wa mswaki. Kliniki walinitazama miguu, wakanipima presha. Kinywa hawakuuliza, nami nikanyamaza. Fizi zikavimba, zikarudi nyuma, meno yakaanza kucheza. Matatu yakang'oka hayana hata tundu moja. Meno mazima, mwanangu! Sasa wageni wakiletewa kahawa za kutafuna, mimi natafunia upande mmoja.

Daktari wa meno ndiye aliyenifungua macho. Sukari ikipanda, mwili unashindwa kupambana na vijidudu vya kwenye fizi. Mate nayo hupungua, kinywa kikakauka. Na fizi zikishaugua, nazo huipandisha sukari. Aliponisafisha ukoga na fizi zikatulia, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilishuka kidogo, na dawa zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo usingoje maumivu. Fizi huugua kimyakimya. Ukiona damu, sema kliniki, hata kama hawajauliza. Tumia mswaki laini, asubuhi na usiku, na dawa ya meno yenye floraidi. Ukishapiga wa usiku usile kitu tena, hata kipande cha ndizi mbivu. Kinywa kikikauka, kunywa maji, soda achana nayo. Na hata usipoumwa, nenda ukaangaliwe meno.

Ikibidi kung'oa, mwambie daktari kabla hajashika koleo kwamba una sukari, umwonyeshe na dawa zako. Omba zamu ya asubuhi, na usiende na njaa ila yeye akuagize. Nimemwona mtu aliyemeza dawa bila kula, akatetemeka na kulowa jasho kwenye benchi kabla hajaitwa. Kidonda kikikawia kupona, usikibandike majani. Rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mwezi wa kumi na moja senene wakianza kuanguka nitakukaangia. Uje na daftari lako la kliniki, nilisome mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako