Deni Langu kwa Benjamin Ayimba



Juma hili naomba mniruhusu niandike juu ya raga. Najua wengi wenu hamuufuatilii mchezo huo, na akina mama wa jumuiya watauliza Padre amepatwa na nini. Nina deni, na anayenidai ni marehemu Benjamin Ayimba, aliyetutoka mwezi wa Mei 2021, malaria ikiwa imempanda kichwani, akiwa na umri wa miaka 44 tu.

Alikuwa mchezaji na nahodha wa timu ya Kenya ya wachezaji saba kila upande. Mchezo huo huchezwa katika uwanja ule ule wa watu 15, kwa dakika saba kila kipindi. Anayekosea anaweza bado kukimbia na kulifuta kosa lake kwa mikono yake mwenyewe. Kocha hana nafasi hiyo. Nilipokuwa seminari nilicheza kandanda, winga ya kulia, hata goti liliponiasi wakanipa kazi ya kuwafundisha wenzangu. Sikudumu. Mara mbili niliingia uwanjani pasipo kujitambua, mwamuzi akanirudisha kwa hasira. Aliyezoea kuushika mpira huona mateso kuikunja mikono na kungoja wengine watende.

Ayimba aliweza kungoja. Mwaka 2009, akiwa kocha, aliipeleka Kenya kwenye Kombe la Dunia huko Dubai. Katika robo fainali vijana wake waliwang'oa Fiji, mabingwa watetezi, kwa alama 26 kwa 7, wakafika nusu fainali. Miaka miwili baadaye aliondolewa kazini.

Hapa ndipo ninapomstaajabia zaidi. Kurudi mahali ulipotolewa si jambo jepesi, wapendwa. Nimewaona watu wakihama hata kigango kwa neno moja la mwenyekiti. Mwaka 2015 alipoitwa tena, alikwenda. Novemba mwaka huo, mjini Johannesburg, Kenya iliishinda Zimbabwe 21 kwa 17 na kujipatia nafasi ya Olimpiki. Kisha ikaja tarehe 17 Aprili 2016, Singapore. Fainali, na mbele yao Fiji wale wale. Kenya 30, Fiji 7! Lilikuwa taji la kwanza la Kenya katika mashindano ya msururu wa dunia. Siku ile tulilitaja jina la Collins Injera na ya wenzake. La kocha nadhani sikulitamka.

Nililitamka mwezi wa Agosti. Raga ilikuwa imerejea kwenye Olimpiki baada ya kukosekana tangu 1924, nasi tulikusanyika na vijana mbele ya televisheni ya ukumbi wa parokia kuitazama Kenya mjini Rio. Tulipoteza mechi zote tatu za kundi, na mwishowe tukashika nafasi ya 11 kati ya timu 12. Fiji, tuliowapiga miezi minne tu nyuma, walitwaa dhahabu. Nami, mchungaji wenu, nilisimama mbele ya vijana nikasema kocha huyu hajui kazi, afukuzwe, na nikaongeza mzaha ambao sitaurudia hapa. Vijana walicheka sana. Kabla ya mwaka kwisha, kazi ile haikuwa tena mikononi mwake.

Miongoni mwa waliokuwa ukumbini alikuwamo kijana aliyewafundisha watoto wetu mpira kila Jumamosi, bila malipo, kwa nauli yake mwenyewe. Majuma mawili baadaye watoto walifungwa mabao sita na parokia jirani. Jumatatu asubuhi alikuja ofisini, akaweka filimbi juu ya meza, akasema amepata shughuli nyingine. Nilimshukuru, nikamtakia heri. Sikuuliza neno.

Ilipofika mwaka 2021, familia ya Ayimba ikiomba msaada wa gharama za matibabu, nilituma kidogo nilichokuwa nacho. Baada ya siku chache zikaja habari za kifo. Usiku ule nilikumbuka ukumbi, kicheko, na ghafla nikaiona filimbi ile mezani. Ilinichukua karibu miaka mitano kuviunganisha vitu viwili vilivyotokea mwezi mmoja.

Nilimtafuta kijana yule. Sasa ni baba wa watoto wawili, anaishi mji mwingine. Nilimwomba radhi kwa simu, nikijikwaa katika maneno kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, mimi siku ile nilicheka pamoja nanyi. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoacha kucheka." Halafu akaniuliza kama watoto wanacheza bado.

Wanacheza. Hawana kocha tangu Pasaka. Filimbi iko katika droo ya ofisi, nami niko ofisini kila siku isipokuwa Jumatatu.