Nyimbo 20 kwa buku

Wadau, kule kwetu Misungwi nyimbo 20 ni buku moja. Unampa kijana wa stendi flashi yako, anakuuliza unataka za Kisukuma au bongofleva, dakika tatu kazi imeisha. Wa meza ya pili akitangaza 30 kwa buku, na huyu anashusha. Piga hesabu: wimbo mmoja shilingi 50, na hata hiyo 50 si ya msanii wala prodyuza. Ni ya umeme na muda wa kijana. Simlaumu sana, akisema wimbo ni 500 wateja wote wanahamia kwa jirani kabla ya saa sita.

Tusidanganyane kwamba enzi za kaseti zilikuwa peponi. Msanii wa Mwanza alibeba masta yake hadi Kariakoo, msambazaji akapanga bei na kuhesabu nakala mwenyewe. Tukapata Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA kwenye CD na DVD, wakati watu wameshaanza kuhamia kwenye flashi (sisi bwana!). Kuanzia 2023 kuna tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia. Sawa, lakini 1.5 ya flashi ya shilingi 10,000 ni 150, na flashi hiyo itajazwa mara ngapi?

Lebo kubwa za Dar kama WCB zina matangazo, shoo na YouTube, zinapumua. Manju wa kijijini je?

Nilimuuliza mmoja wa huku kwetu. Studio analipa mwenyewe, video analipa mwenyewe, halafu nyimbo anawapelekea wale wale vijana wa stendi, bure, kwa mkono wake, ili asisahaulike. Pesa inatoka kwa wanaotaka kutajwa: mwenye duka, mwenye mashine ya mpunga, mchimbaji aliyepata. Kutunzwa si jambo geni kwa manju, Bagika na Bagalu walishindana kuvuta watu tangu zamani, na Bulabo ya Bujora bado inafanya hivyo. Ila pale unatunzwa na umati, baada ya kuimba. Hapa mtu mmoja analipa kabla, na wimbo unatungwa kumzunguka. Wa mwisho alionisikilizisha niliacha kuhesabu majina yalipopita kumi... mdundo mtamu, lakini ni kama kusomewa orodha ya michango ya harusi.

Kwa hiyo bei ya stendi imeshaingia mpaka ndani ya mashairi. Msikilizaji halipi, basi haimbiwi yeye.

Manju huyo anao wimbo mwingine, kuhusu mkulima wa pamba na mzani. Aliniimbia kidogo bila ngoma, tumekaa chini ya mwembe. Aliutunga miaka miwili iliyopita na studio haujaingia mpaka leo. Hauna jina la mtu hata moja.