Suruali ya Utingo

Mwaka 1968 nilikuwa utingo wa basi lililotoka Karatu alfajiri kwenda Arusha. Nilikuwa na miaka 19. Barabara ilikuwa ya vumbi tupu, lile vumbi jekundu la kwetu ambalo hata ukifua mara tatu haliishi. Lami tuliisubiri zaidi ya miaka 30. Abiria waliteremka Arusha wakiwa wekundu tangu nyusi hadi vidole vya miguu, na mimi niliyening'inia mlangoni nilikuwa mwekundu kuliko wote.

Mwaka uliotangulia, mwezi Februari, tulikuwa tumepokea Azimio la Arusha. Nililishangilia kwa moyo wote, na mpaka leo sijutii, kwa maana msingi wake ulikuwa usawa wa binadamu. Lakini mwaka huohuo wa 1967 mkoani kwetu ilianza kampeni ya kuwavalisha Wamasai. Waache lubega, waache kujipaka udongo mwekundu na mafuta, wavae suruali na shati, wawe wastaarabu. Aliyekuja mjini na shuka lake alifukuzwa, na basi letu tuliambiwa tusimpakie. Hakuna aliyetueleza kosa lenyewe ni lipi. Kusema "ni Umasai" kulitosha.

Lugha yetu ni nyepesi sana katika hili. Tia u- mbele ya jina la watu, umepata tabia. Tia ki-, umepata namna ya kufanya jambo. Tulichelewa kiswahili, tukabana pesa kihindi, tukatunza muda kizungu. Kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, yaliyofunguliwa na walowezi wa Kijerumani, ukipanda miche kwa mstari ulionyooka uliambiwa umefanya kazi ya kizungu, ilhali mikono iliyoshika jembe ilikuwa ya baba zetu. Hata ustaarabu, kipimo tulichompimia kila mtu, ni neno lenye Mwarabu ndani yake.

Mimi ni Mwiraqw. Wengi walituita Wambulu, kwa jina la mji. Siku moja fundi wa gereji Arusha aliniambia Wambulu tuna vichwa vigumu, kabla hajaniuliza hata jina. Niliumia siku nzima. Kesho yake nilikuwa mlangoni mwa basi, nikiwafanyia wengine vilevile.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mzee wa Kimasai alisimama stendi ya Karatu na fimbo yake, nauli mkononi, akitaka kwenda Makuyuni ili aunganishe mpaka Monduli kwa mwanawe. Wazee wengine wote waliopanda asubuhi ile niliwaamkia shikamoo. Yeye nilimwambia, "Wewe Masai, rudi nyuma, utachafua viti." Viti vyenyewe vilikuwa vimefunikwa na vumbi rangi ileile ya shuka lake. Sikuliona hilo. Nina macho, lakini siku ile sikuliona.

Dereva ndiye aliyeona aibu. Akaniambia, "Mpe suruali yako ya kazi, avae, twende." Ilikuwa nyuma ya kiti chake, niliivaa nikiingia uvunguni mwa gari, imeganda grisi na oili chafu. Mzee aliipokea, akaitazama, akaivaa juu ya shuka lake lililokuwa safi. Basi zima likacheka. Nami nilicheka, na kile kicheko changu ndicho ninachokisikia zaidi nikikumbuka safari ile. Akapita hadi kiti cha nyuma kabisa, akakaa, grisi ikagusa kiti, wala hakuna aliyelalamika. Sheria ilikuwa imetimizwa.

Tulipata pancha kwenye mteremko wa Manyara, pale unapoliona ziwa lote chini. Nilipokuwa nafungua nati, mzee akaja akanishikia spana. Nikamwuliza swali ambalo nililidhani la akili: "Kwa nini nyinyi mnazurura tu, leo huku kesho kule? Si mkae mahali pamoja kama watu?"

Hakukasirika. Akaniuliza, "Kijana, nyumbu wanazaa mwezi gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimezaliwa mwendo wa siku moja tu kutoka kwenye mbuga zile, na sikujua.

"Mwezi huu," akasema. "Wanazaa kule kwenye majani mafupi, Ndutu mpaka karibu na Olduvai. Ng'ombe wangu akila pale wakati huu anashikwa na ugonjwa wa nyumbu. Macho yanafunga utando, anakufa. Kwa hiyo sasa niko juu, kwenye baridi. Ndama wa nyumbu wakikua, nitashuka. Wewe unaita kuzurura."

Miaka mingi baadaye, daktari wa mifugo mmoja alinithibitishia kwamba virusi vya ugonjwa huo hutoka hasa kwa ndama wa nyumbu, na kwamba wafugaji walijua kujikinga nao kabla maabara hazijaufahamu. Mzee alikuwa ananisomea kalenda. Sisi tulikuwa na neno moja tu la kuiitia, kuhamahama, na tulilitamka kama tunavyotamka uvivu.

Sitaki kumfanya malaika. Tulipokuwa tunapandisha jeki, kijana mmoja mwenye chale za duara kuzunguka macho alitokea porini akaomba kupanda. Mzee akanivuta mkono: "Huyo Mang'ati, angalia mizigo." Nikaangalia mizigo safari nzima. Kijana hakugusa kitu, wala hakuzungumza na mtu. Watu wake wanajiita Wadatooga, na waliishi ndani ya kreta ya Ngorongoro kabla Wamasai hawajawatoa katika karne ya 19. Mang'ati ni neno la Kimasai, maana yake adui. Kiswahili kililichukua kikalifanya jina la kabila, likaingia hata kwenye ramani, na mtoto mkorofi akaambiwa ana umang'ati. Wanasema ni utani. Utani naujua: Mchaga humtania Mpare, na Mpare humrudishia palepale, hata msibani. Kijana yule angemrudishia nani?

Makuyuni mzee aliteremka, akavua suruali yangu kando ya barabara, akaikunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mmoja.

Mwaka 1974 askari waliwaondoa Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta. Baadhi yao ni watu waliotolewa Serengeti mwaka 1959 wakiahidiwa kwamba Ngorongoro ndiko kwao. Stendi ya Karatu watu walisema, "Si wanahamahama tu hao." Nilikuwepo. Nilijua jibu, na nilinyamaza.

Juni 2022 familia za kwanza zilitoka Ngorongoro kuelekea Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema wanahama kwa hiari, wengine wengi walikataa kwamba ni hiari. Msafara ulipopita Karatu nilikuwa nimekaa nje ya duka. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amenipa shikamoo yake vizuri alitazama yale magari, magodoro juu, watoto dirishani, akasema, "Babu, hawa hawapati shida. Wamezoea kuhama."

Nikamwambia azime pikipiki, akae. Nikamwuliza, "Nyumbu wanazaa mwezi gani?"