Niliposti Nyumba Ambayo Haikuwa Yetu

Mmeniuliza sana nilipotelea wapi miezi sita, wengine mkasema nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa jamani. Nilikuwa Uingereza kwa dada yangu, nilienda kumsaidia baada ya kujifungua. Leo nawapa stori yenyewe, na dada mwenyewe ameniruhusu. Mbele mtaelewa kwa nini nimelitaja hilo mapema.

Dada anaishi Lower Earley, pembezoni mwa mji wa Reading, magharibi ya London. Usiwaze maghorofa ya kwenye sinema. Ni nyumba ndogo ndogo za matofali zilizoshikana, kabustani mbele, gari limepaki, mtu humwoni. Mimi nimekulia Tandika, nimezoea kuamshwa na adhana, muuza kahawa na singeli ya jirani. Kule wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka usiku kwa sababu ya ukimya, yaani nasikia mpaka friji inavyonguruma. Mchana kelele ni ya gari la taka na mwewe wanaozunguka juu angani. Mwezi wa sita saa tatu usiku bado kuna mwanga na barabarani hakuna hata mtoto anayecheza.

Dada ni nesi, shemeji anaendesha basi. Miaka yote hiyo walikuwa wanapanga. Nilifika mwezi wa nne 2025, nikakuta wanatafuta nyumba ya kununua. Walikuwa na kianzio cha asilimia 10, hela waliyoikusanya kwa zamu za usiku na kujinyima. Nilienda nao kuangalia nyumba, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni dalali. Hadai hela ya kukuonyesha! Kule dalali analipwa na anayeuza. Nikasema hawa madalali wa kwetu wangesikia hii wangecheka.

Mwezi wa tano wakapata. Vyumba viwili, kabustani nyuma, pauni 335,000. Wakatoa ofa, mwenye nyumba akakubali. Siku ile dada alilia jikoni. Baada ya siku chache nikapita pale na mtoto kwenye kigari, nikaona kibao mbele ya nyumba kimeandikwa SOLD kwa herufi kubwa. Jamani, ningefanyaje? Nikapiga picha, nikatupia Instagram na status: "Nyumba mpya ya dada yangu UK, Mungu ni mwema."

Simu haikupumzika. Binamu, shangazi, rafiki wa shule ambaye hatujaongea miaka. Mjomba akapiga hesabu ya pauni kwa shilingi, akakuta ni zaidi ya bilioni moja. Bilioni! Akatuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba sasa hatuna shida tena ukoo mzima. Mama akawaambia wenzake wa kikoba. Mimi najiona nimeiletea familia sifa.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, ndiye mtu pekee mtaa ule aliyekuwa anasimama kunisalimia. Nikamwonyesha ile picha. Akavaa miwani, akanyooshea kidole maandishi madogo chini ya SOLD: "subject to contract". Akanieleza taratibu kwamba maana yake bado. Kule England ofa ikikubaliwa ni maneno tu. Mawakili wa pande mbili wanachunguza karatasi, benki inathamini nyumba, mkaguzi anaangalia kuta na paa, na inaweza kuchukua miezi. Mpaka siku mikataba inapobadilishwa, muuzaji anaweza kukuacha, na wewe pia unaweza kujitoa. Nikasikia tumbo limepoa.

Wiki mbili baadaye dalali akapiga. Kuna mtu katoa pauni 345,000 na mwenye nyumba kachukua. Sheria inamruhusu. Dada na shemeji walishalipa mkaguzi na wakili, zaidi ya pauni 1,000, na ile hela hairudi.

Nilitegemea dada alie. Hakulia. Alikaa kitandani akanionyesha simu yake. Mama alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, siku tatu nyuma: "Mwanangu hongera, ila nimeumia. Unanunua nyumba ya bilioni na mimi jikoni kwangu mvua inaninyeshea. Ungeniambia tu kwamba mimi sina nafasi."

Dada akaniambia, "Mdogo wangu, ile bilioni ni ya benki. Mimi ningeilipa miaka 35, kila mwezi zaidi ya pauni 1,400. Nikikosa kulipa wananitoa. Sikumwambia mama kwa sababu nilikuwa sina kitu cha kumwambia bado. Wewe umemwambia kwa niaba yangu, tena uongo."

Nilifuta ile posti, lakini utafuta vipi kilichopo kichwani kwa mama? Siku tisa dada aliongea na mimi mambo ya mtoto tu. Kwenye nyumba ya ukimya, kununiwa kunaumiza mara mbili, hakuna hata redio ya jirani ya kukuliwaza.

Siku ya kumi nikampigia mama mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba." Sauti kavu. Nikamwambia yote: kwamba nyumba imekwenda kwa mwingine, kwamba haikuwa yao, kwamba nilitaka tu watu waone. Nikamweleza mkopo, nikamweleza zamu za usiku ambazo dada alifanya akiwa na mimba. Mama alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Sasa amekula?" Nikajua amesamehe. Usiku ule walipigiana simu wao wawili, mimi nikatoka nje na mtoto.

Mwezi wa saba wakapata nyingine, mtaa wa jirani, pauni 329,000. Bafu lake bovu na zulia linanuka mbwa. Safari hii hakuna aliyejua zaidi ya sisi na mama. Nilijifunza kupita mbele ya kibao bila kutoa simu. Visa yangu ya matembezi ikaisha mawakili bado wanaandikiana, nikarudi Dar bila kuiona imekuwa yao.

Wiki tatu baadaye, niko kwenye daladala, picha ikaingia. Funguo mbili kwenye kiganja cha dada, na nyuma yake lile zulia baya. Chini ameandika: "Tumekabidhiwa leo. Usiposti." Nikacheka mwenyewe mpaka konda akanigeukia.

Jikoni kwa mama bado kunavuja, ila tumeanza kuchanga bati, mimi na dada, kidogo kidogo. Wadau, sisemi msiposti. Nasema kabla hujaposti furaha ya mtu, muulize mwenyewe kama imeshafika. Wewe ulishawahi kumtangaza ndugu kabla ya wakati? Ilikuwaje?