Matairi ya Njia ya Kitonga

Huenda siku moja utapata safari ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, kumwona ndugu au kumpeleka mtoto shuleni. Nauli umelipa, mizigo imepakiwa. Basi, kabla hujapanda, lizunguke gari mara moja ukatazame matairi yake. Pengine utingo atakucheka. Mwache acheke.

Gari lile lote, pamoja na watu na magunia yao, hugusa ardhi mahali padogo tu penye matairi. Tazama kashata. Katika mifereji iliyo kati yake utaona vinundu vidogo vimelala chini. Kashata zikilika hata zikawa sawa na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 hivi, na tairi hilo limekwisha. Tazama na ubavuni kama pana uvimbe au nyufa. Hapo ubavuni huandikwa pia tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa bure ghalani, na wauzaji wengine hupaka rangi nyeusi tairi kuukuu lipate kung'aa. Mzee aliyepaka nywele rangi ni mzee vilevile.

Haya, safari imeanza. Ukishapita Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga huyatazama magari kana kwamba magari ndiyo wanyama, barabara huteremka hata bonde la Ruaha. Hii ni nchi ya mibuyu na joto kali. Pale Ruaha Mbuyuni utauziwa vitunguu dirishani, navyo ni vizuri.

Lakini bonde hili huyajaribu matairi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kujikunja huko huleta moto ndani yake. Ongeza lami iliyochomwa na jua, ongeza mzigo uliozidi na mwendo wa kasi. Nyuzi zilizo ndani huachana na mpira, na tairi hupasuka. Likipasuka la mbele, usukani huvutwa kwa nguvu upande ule ule.

Sasa wako madereva ambao, wakiliona tairi lina moto na limekaza, hulipunguza upepo. Wanadhani wanalisaidia, kumbe wanalidhuru. Upepo hutanuka kwa joto, na watengenezaji wamekwisha kulihesabia jambo hilo. Kipimo cha kweli hupimwa asubuhi, gari likiwa bado halijatembea. Dereva aliyetoa upepo bondeni hupanda Mlima Kitonga na tairi legevu, na akifika Iringa, kwenye baridi, hilo huzidi kulegea.

Kitonga chenyewe ni kona juu ya kona, ukuta wa jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori yaliyojaa hupanda taratibu kama kinyonga. Yanayoteremka ndiyo yenye hatari kubwa zaidi: breki zikishikwa muda mrefu, moto wake hupita kwenye ringi hata kufika kwenye tairi. Ndiyo maana dereva mwenye akili hushuka kwa gia ndogo. Utamwona pia utingo hodari akiyagonga matairi ya nyuma kwa chuma, moja moja. Haya hukaa mawili mawili, na la ndani likiisha upepo halionekani, bali mwenzake hubeba mzigo wote. Lililojaa hulia, lililokwisha hutoa sauti nzito kama ya gunia. Kupima kwa geji ni bora zaidi, ila huyu utingo, ukimwona, panda gari lake bila wasiwasi.

Tairi likiisha kabisa, lisirudishwe barabarani kwa kisingizio cha safari moja tu. Mafundi wa katambuga watalinunua, na kiatu cha namna hiyo humfikisha mtu shambani miaka mingi.